Uzito wa Chelimo

Saa kumi na mbili asubuhi Jerotich huwa ameshainama kando ya mtaro wa mtaa wa Rhonda, anachuma sukuma wiki za kuuza. Maji ya mtaro hutoka kwa karakana ya betri kuukuu huko juu. Yana uvuguvugu na hayana chura hata mmoja, lakini sukuma za hapo ni pana, kijani kimekolea, na wateja huziulizia kwa jina la shamba.

Mama mboga hanunui mboga, hupika zilizobaki. Kwa hivyo binti yake Chelimo, miaka sita, amekula sukuma hizo tangu aache kunyonya. Jerotich alijivunia hilo. Watoto wa wenzake walishiba chipsi, wake alikula mboga kila siku ya Mungu.

Mwezi wa tatu Chelimo akaanza kuwa mzito. Hakunenepa, mikono ilikuwa ileile ya vijiti. Kwanza kitanda kilivunjika, kisha dawati. Mwalimu akamkalisha chini karibu na mlango, akasema hilo si neno, ila mtoto amesahau herufi alizozijua mwaka jana. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Jerotich.

Mburu wa mkokoteni akawapeleka kliniki. Nesi akasoma mizani, akaandika kilo mia moja na tisini bila kuinua uso. Akauliza mtoto anakula nini.

“Sukuma wiki.”

“Vizuri. Damu iko chini. Muongezee.”

Jerotich akarudi nyumbani akatupa jani moja kwenye beseni la maji. Likazama kama jiwe. Akaufuata mtaro hadi juu.

Kwenye karakana, bawabu alimsikiliza kwa heshima, akamwambia yeye ni mama wa tano wiki hiyo. Baadaye alikuja afisa wa mazingira, akachota maji ya mtaro kwenye chupa. Chupa ikamshinda kubeba, akaiacha getini na kwenda zake.

Jerotich akajaribu kuuza sukuma zilizoletwa kutoka Subukia, mbali na mtaro. Wateja wakasema ni ndogo na hazina nguvu, wakahamia kibanda cha Waithera, aliyechuma palepale mtaroni. Jumapili ilipofika, Jerotich alikuwa amerudi mtaroni. Chelimo sasa alipikiwa kabeji za Subukia, lakini uzito haukupungua hata chembe, na kila alipouza fungu alishindwa kumtazama mnunuzi usoni.

Jioni moja Chelimo alikuwa ameketi sakafuni, simiti imebonyea chini yake.

“Mama, nibebe.”

Jerotich akapiga magoti, akamkumbatia, akavuta hadi mgongo ukalia. Mtoto hakusogea.

“Bado hujanibeba.”

“Nimeshakubeba,” Jerotich akasema. “Funga macho.”

Chelimo akafunga macho. Akauliza kama wako juu sana. Mama yake akamwambia ndiyo, asiangalie chini.