Bitana Nyekundu

"Hii kamera imekufa!" alisema mpigapicha wa wodi, na kama isingekuwa mali ya hospitali angeibamiza ukutani palepale.

Kamera haikuwa imekufa. Alikwisha kuizima na kuiwasha, akafuta lenzi kwa pindo la koti lake, akaisogeza kadi ya rangi ukingoni mwa kitanda cha baba yake na kuupiga mguu wake upya. Kwenye kompyuta ndogo iliyokuwa juu ya meza ya magurudumu mguu ulitokea vilevile. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ya majivu, na kutoka hapo kuelekea kifundoni ngozi ilikuwa imeingia zambarau mbaya, ya kitu kilichochujuka. Ijumaa mguu huuhuu, kitanda hikihiki cha dirishani, saa hizihizi za asubuhi, ulikuwa wa kahawia iliyokolea, mguu wa mtu mwenye damu yake mwilini.

"Lo, vitu vya kuokoteza hivi!" aliendelea kufoka. "Tunaomba kamera nzima tunaletewa makapi."

Wodini walimwita Bibi Picha. Wageni walidhani kazi yake ni kubonyeza tu, na wengine walimwomba awapige na watoto wao. Yeye alipiga vidonda. Daktari bingwa wa mishipa alikaa hospitali kuu, safari ya kutwa nzima, na wagonjwa wa wodi hii aliwaona kwa picha. Ndiyo maana ya ile kadi ngumu yenye viraka vya rangi na mstari wa kijivu unaotoka kwenye weupe hadi kwenye weusi. Kompyuta inaisoma kadi, inajua taa ilikuwa ya manjano kiasi gani, inairudisha kila rangi mahali pake. Kwa ngozi nyeusi kama ya baba yake hapakuwa na mchezo. Kati ya kahawia inayopata damu na kahawia inayokufa pana tofauti ndogo mno, na picha ikiteleza kidogo tu mtu hukatwa mguu alioweza kubaki nao, au huachiwa mguu unaomuua. Jambo hilo alikuwa amelisema kwenye mikutano mpaka wenzake wakawa wanatazama saa anapoinua mkono.

"Labda kamera ni nzima," alisema sista wa zamu, akikunja bandeji bila kuinua uso. "Mimi nilisema tangu wiki iliyopita, mguu ni wa baridi. Nikaambiwa picha inasema vingine."

"Picha ipi?"

"Kwani hapa anapiga nani mwingine?"

Hilo lilimwingia. Akafungua mdomo ajibu, ila mzee kitandani alimtangulia.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kimefuliwa, baba," sista alisema. "Kilikuwa kinanuka. Kimeanikwa nje."

"Nani kawatuma?"

Ilikuwa bitana nyekundu, kitambaa cha ndani ya koti, laini ya kung'aa, mabaki ya koti la mteja ambaye hakurudi kulichukua. Mzee alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na watu wote mpaka wanawe walimwita Fundi pale walipotaka kumtania. Aliingia wodini na kitambaa hicho kwapani kama mtu anayekuja na mto wake. Siku ya kwanza Bibi Picha alipotandika shuka la kijivu chini ya mguu wenye kidonda cha kisukari, kama anavyomtandikia kila mgonjwa, baba yake aliligeuzia uso. "Unanitandikia rangi ya msiba? Mimi bado nahema." Wakabishana mpaka wagonjwa wengine wakacheka. Mwishowe binti alikubali shingo upande. Alijiambia kadi ipo, kadi itarekebisha. Hapo ndipo alipoharibu, na kama angekuwa mpigapicha mwingine, yeye angekuwa wa kwanza kudai afukuzwe.

Aliutazama mguu, akakumbuka kwamba leo tu kitambaa kile hakikuwa chini yake. Kisha akatoka hadi kwenye kamba ya nguo, akaichomoa bitana kwenye vibanio, akarudi nayo ikiwa bado na unyevu.

"Inua mguu."

"Taratibu basi, mama, mimi si gogo."

"Inua, baba."

Akaitandaza chini ya mguu, akaiacha kadi palepale ilipokuwa, ukingoni mwa kitanda, akapiga. Kwenye kompyuta mguu ulifufuka. Zambarau iliondoka, kahawia ikarudi, hata vile vidole viwili vikaonekana vimechoka tu. Akaivuta bitana, akapiga. Mguu ukafa. Akaitandaza tena, ukaishi. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukipiga kwenye ule wekundu na kupanda juu, ukaipaka ngozi rangi isiyo yake, na kadi kule ukingoni haikupata hata chembe yake. Kompyuta iliona kadi safi ikaamini na mguu ni safi.

"Mungu wangu," alisema sista, na bandeji ikamponyoka mkononi.

Bibi Picha alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa anatazama dirishani. Sura ile binti aliijua vizuri sana. Ndiyo iliyowapokea wateja waliofuata suti zao wakaambiwa, "Namalizia vifungo tu," wakati suti yenyewe bado haijakatwa.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Baba, usijitie hamnazo. Ulijua!"

Binti alisimama na bitana mkononi, na mara akaiona karakana ile ya zamani, chumba kimoja chenye mlango wa mbao na taa hafifu. Alipokuwa mdogo baba yake hakuruhusu uzi uchaguliwe ndani. Alimpa kipande cha kitambaa na vigurudumu vya nyuzi, akamwambia, "Nenda mlangoni, mwanangu, utazame kwenye mwanga wa haki." Akirudi na uzi usiolingana alirudishwa, na hakuambiwa amekosea wapi. Na alipoingia mteja aliyepauka, ametoka kuugua au ametoka kufiwa, Fundi alimtupia kitambaa chekundu begani mbele ya kioo, na uso ukachangamka, na mteja akatabasamu akanunua. Kisha baba alimnong'oneza binti yake akicheka: "Umeona? Nyekundu inampa mtu damu." Yote aliyoyajua kuhusu rangi aliyapata pale mlangoni, kabla hajashika kamera yoyote.

"Nyekundu inampa mtu damu," alisema.

Mzee alifumba macho. "Nilidhani umesahau."

"Nimesahau?" Akaitupa bitana sakafuni. "Nisahau vipi, na ndiyo kazi inayonilisha? Umenichezea shere, baba. Kila asubuhi nakuja hapa nakuuliza umeamkaje, nakusogezea mto, nawe umenikalia na uongo wako chini ya mguu!"

"Punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye kwa kawaida hapitwi na jambo, aliongeza sauti ya redio yake kwa adabu.

Mzee alijiinua kwa viwiko. Naye sasa alikuwa amekasirika, na hasira ilimfanya aonekane mzima. "Huyo bingwa wako amewahi kunigusa? Nakuuliza. Amewahi kuushika mguu wangu akasema una joto au hauna? Ananitazama kama mtu anayechagua shati kwenye picha za dukani. Mguu huu umekanyaga pedali tangu hujazaliwa. Umekusomesha huu! Leo nimtumie picha ili aseme kata? Mimi mwenyewe nakata vitambaa vya watu, lakini sijawahi kukata suti ya mtu ambaye sijampima kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo ukaamua umdanganye."

"Nilimpa cha kutazama."

"Ulimdanganya kwa mkono wangu! Mkono wangu, baba. Si ungemdanganya kwa mkono wa mtu mwingine?"

Mzee akalala tena, akaanza kuupapasa ukingo wa blanketi kwa kidole gumba na cha shahada, kama anayepima unene wake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Tuma ile ya kitambaa."

"Nini?"

"Mara hii tu. Niachie mwezi huu uishe. Vidole vitashika, mama yangu, navisikia."

"Vishike nini? Vimekufa! Sista, mwambie."

Sista aliokota bandeji yake. "Baba, leo nilipofungua kulikuwa na harufu," alisema polepole. "Harufu ile si ya kitambaa."

Picha mbili zilikaa pamoja kwenye kompyuta, mguu ulio hai na mguu uliokufa, na kila moja ilihitaji kubonyezwa mara moja tu ili iende. Bibi Picha alizitazama, na hasira aliyokuwa nayo kwa baba yake ikamgeukia mwenyewe, kisha ikamrudia mzee, ikaenda kwa daktari wa mbali, ikakosa mahali pa kutua. Aliitamani ile ya kwanza. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Aliitamani kama alivyoitamani baba yake, na kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini wiki nzima hakuwahi kujiuliza mbona sista anasema baridi. Akaifuta. Kisha akapiga simu.

"Daktari, picha zote nilizokutumia za mgonjwa wa kitanda cha dirishani zina kasoro. Usizitumie."

"Kasoro gani? Zote zina kadi."

"Kulikuwa na kitambaa chekundu chini ya mguu. Kimeipaka ngozi rangi."

"Kitambaa chekundu? Wewe hukukiona?"

Mzee alikuwa amegeuza kichwa, anamsikiliza. Bibi Picha alimtazama machoni.

"Nilikiona. Nikakiacha."

Daktari alipojibu, maneno yalitoka mojamoja. "Wiki nzima namwambia kila mtu asubiri, mguu unapata damu. Ningeona ukweli ningeondoa vidole viwili tu, mzee aende zake nyumbani. Sasa natuma gari leo hii limlete, na sijui nitaishia wapi. Unanielewa? Sijui kama ni vidole, au kifundo, au goti."

"Nakuelewa."

"Basi haya mambo—"

"Lakini na wewe ungekuja!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Mara moja tu! Ungekuja ukaushika kwa mkono wako, usingehitaji kuamini picha ya mtu yeyote. Sista alisema mguu ni wa baridi. Alisema! Hakuna aliyemsikiliza, mimi wa kwanza na wewe wa pili."

Alingoja akaripiwe. Alisikia tu mtu anavuta pumzi.

"Tuma picha, Bibi Picha," daktari alisema, na simu ikakatika.

Alilitoa shuka la kijivu kwenye mfuko wake, akalitandika. Baba yake hakusema neno kuhusu msiba. Liliingia mkunjo, na kabla binti hajaunyoosha, mkono wa mzee ulikuwa umefika, ukalilaza shuka kwa kiganja kutoka katikati kwenda kando, kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kushika mkasi. Kisha akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauweka juu yake.

"Sawa hivyo?"

"Sogeza kidogo. Hapo."

Safari hii aliiweka kadi karibu kabisa na vidole. Akapiga. Kamera ililia kidogo na picha ikajitokeza kwenye kompyuta.

"Inaonekanaje?" mzee aliuliza.

"Kama ulivyo."

"Humu ndani hapana mwanga wa haki, yale mataa yao ni ya manjano." Akakohoa. "Nenda nayo mlangoni, uitazame vizuri."

Hapakuwa na haja. Kompyuta ilikuwa imeisoma kadi, rangi zilikuwa zimekaa mahali pake, mlango usingeongeza kitu. Bibi Picha aliinyanyua kompyuta kwa mikono miwili kama sinia, akaenda nayo hadi mlango wa wodi uliofunguka uani. Alisimama na mgongo kwa baba yake kwa sababu hakutaka aone uso wake. Hakuwa amemsamehe. Alijua kesho angeamka na hasira hizihizi, na keshokutwa, na alizihitaji zimfikishe hospitali kuu kwenye gari moja na mzee.

Mbele yake, kwenye kamba, vibanio viwili vilibaki vimening'inia bila nguo. Aliutazama mguu ule wa majivu na zambarau. Hapakuwa na kosa lolote katika rangi. Akabonyeza, picha ikaenda.

Nyuma yake kitanda kililia. Kisha ukaja mgongano mdogo sakafuni, mkavu, na mwingine, na mwingine. Aliujua kabla hajaufikiria: kisigino kikishuka, vidole vikishuka, kisigino. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushusha ule mguu usio na kidonda peke yake, anajaribu kama unaweza kukanyaga pedali bila mwenzake.

"Baba, utaanguka," sista alisema.

Mwendo ulikatika. Bibi Picha hakugeuka. Alisikia blanketi likisukumwa kando, na mwendo ukaanza tena, polepole zaidi.