Jina la Ikupa Redioni

Kwetu Mbozi mtu hafi mpaka redio iseme. Unaweza kupigiwa simu, unaweza kuona picha ya mshumaa kwenye grupu la ukoo, lakini watu watasubiri saa saba mchana, matangazo ya vifo yasomwe na Redio Kilele ya pale Mlowo, ndipo waanze kutafuta pikipiki ya kwenda msibani. Na hawasikilizi kifo tu, wanasikiliza majina. Msomaji akishamtaja marehemu husema, "Habari ziwafikie watoto wake," kisha huwataja mmoja mmoja, na wakwe, na ndugu walioko Ileje na Galula na ng'ambo ya mpaka. Aliyetajwa ni mtu wa ukoo. Aliyerukwa, hata akija msibani na ng'ombe, atapokewa kama jirani.

Mzee Zebedayo Mwashiuya alilijua hilo kuliko wote. Mkewe alipofariki, binti yao mkubwa, Ikupa, alisimama kaburini akasema mbele ya mchungaji kwamba mama yake aliomba kupelekwa hospitali, na baba akajibu kahawa ichumwe kwanza. Ulikuwa ukweli, kila mtu pale aliujua, na ndiyo maana haukusameheka. Zebedayo alingoja sala iishe, akamwambia binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku yangu ikifika, jina lako halitasomwa."

Ikupa akahamia Tunduma, akawa anauza mchele karibu na mpaka. Kwenye grupu la ukoo wakamtoa. Huko sokoni hakuna aliyemjua kwa jina la Ikupa. Alikuwa Mama Tumaini, kwa jina la mwanawe, na kwa Wazambia alikuwa bamayo, yaani mama. Fortunata, muuza dagaa wa meza ya jirani, hakujua hata kama ana baba. Lakini kila mchana redio ya Fortunata ilipoanza matangazo ya vifo, Ikupa aliacha kupima mchele akasikiliza. Mtu hachoki kutamani kwao. Mimi namhurumia, ila nasema wazi, mzee yule hakustahili hata nusu ya hamu ile.

Mwaka huu, wakati wa kuchuma kahawa, dereva mmoja wa fuso anayetoka kijijini kwao alimwambia kuwa mzee Zebedayo amelazwa, hali mbaya. Ikupa akampigia mdogo wake, Isaka. Hakupokea. Akapiga tena na tena, simu inaita mpaka inakata. Jumamosi asubuhi dereva yuleyule akampigia.

"Dada Ikupa, nimepita nyumbani kwenu sasa hivi. Turubai limefungwa, viti vinashushwa, kina mama wanachambua mchele. Pole sana, dada."

Mtu mwingine angeuliza mara mbili. Ikupa hakuuliza, maana kichwani mwake lilikuwepo jambo moja tu, tangazo. Ndugu zake wakiwahi kulipeleka, atarukwa, na redio haisomi kifo kimoja mara mbili. Akiwahi yeye, litasomwa la kwake, na hakuna atakayelifuta. Akamwachia Fortunata meza bila kueleza anakwenda wapi, akapanda gari la Mlowo.

Dada wa mapokezi pale Redio Kilele, Imelda, alipaswa kudai barua ya mtendaji wa kijiji. Lakini machozi aliyoyaona yalikuwa ya kweli.

"Pole, mama. Nitajie watoto wa marehemu."

"Ikupa," akasema. "Ikupa Zebedayo Mwashiuya, wa Tunduma. Ndiye wa kwanza."

Kisha akawataja Isaka, Yesaya na Alinanuswe. Hakumruka hata mmoja, pamoja na simu zile zote ambazo hazikupokelewa.

Kumbe mzee alikuwa amepona. Turubai lilikuwa la ibada ya shukrani. Ukoo mzima ulialikwa kasoro yeye, na Isaka hakupokea simu kwa sababu alikatazwa. Ikupa alikuwa amefungiwa mlango muda mrefu mno. Hakukumbuka kwamba huko ndani watu huwa na furaha pia.

Ilipofika saa saba mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Mzee Zebedayo, ndani ya koti jipya, akainua mkono kumsimamisha. Hakuwa mtu wa kukosa matangazo ya vifo, na hakuona kwa nini akose siku hiyo. Fundi wa muziki akaunganisha redio kwenye spika, turubai zima likanyamaza, na msomaji akaanza na tangazo la kwanza.

"Ikupa Zebedayo Mwashiuya wa Tunduma anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, Mzee Zebedayo Mwashiuya. Habari ziwafikie watoto wake, Ikupa mwenyewe..."

Watu waliganda vitini. Shangazi mmoja akaanza kulia kwa mazoea, akanyamazishwa. Halafu huko nyuma mtu akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," na kicheko kikalipuka mpaka kwa wapishi. Zebedayo angeweza kusamehe kuzikwa akiwa hai. Kuchekwa mbele ya mchungaji hakuweza.

Hawajamaliza kucheka, pikipiki ikasimama barabarani. Ikupa akashuka amejifunga kanga nyeusi, anaomboleza kwa sauti, "Taata! Taata wee, umeniacha na nani?" Akapita katikati ya viti. Walimpisha. Ningependa kusema yupo aliyemshika mkono akamnong'oneza, lakini hayupo. Vijana walitoa simu wakarekodi, na wazee wakainua shingo waone vizuri. Akapiga magoti mbele ya meza kuu, akainua uso, akamwona baba yake amekaa na soda yake.

Alifurahi. Waliokuwa karibu wananiambia hivyo, na hilo ndilo linaloniuma. Kabla ya aibu kumfika, uso wake ulichanua kwa kumwona baba yake mzima, akanyoosha mkono amguse goti.

Mzee akalisogeza goti. "Mama, umekosea nyumba. Hapa hakuna msiba."

"Baba, ni mimi. Ikupa."

"Isaka," mzee akasema bila kumtazama, "msindikize huyu mama barabarani. Mfungieni na wali, asiondoke na njaa."

Isaka akamsindikiza. Njiani akasema, "Dada, si ungeuliza kwanza."

"Nilikupigia."

Isaka akamwitia bodaboda, akamkabidhi wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, akarudi shereheni.

Jumatatu mzee akaenda redioni mwenyewe. Meneja wa kituo aliogopa kushtakiwa, kwa hiyo mzee alipotaka kusoma tangazo lake kwa mdomo wake, akapewa kiti na kipaza sauti. Tunduma nzima ilimsikia, na Ikupa alimsikia kwenye redio ya Fortunata, mkono ukiwa ndani ya gunia la mchele.

"Mimi Zebedayo Mwashiuya ni mzima wa afya. Watoto wangu ni Isaka, Yesaya na Alinanuswe. Mwanamke aitwaye Ikupa, aliyejitangaza kuwa mwanangu, simjui. Narudia, Ikupa si mwanangu. Habari hizi ziwafikie watu wote, na hasa walioko Tunduma."

Fortunata akapiga makofi kwa mshangao. "Umemsikia huyo Ikupa? Kamuua mzee wa watu redioni, mchana kweupe. Na yuko hapahapa Tunduma."

Mteja Mzambia akataka kujua kuna nini, akaelezwa, naye akatikisa kichwa. "Awe, hapana, bamayo. Hata mchawi anangoja usiku."

Meza zote zikacheka. Kisha wakamgeukia Mama Tumaini, kwa sababu ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote pale sokoni. Ikupa akajaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja.

"Mtoto wa namna hiyo," akasema, "bora mama yake angezaa jiwe."

Walimshangilia. Fortunata alicheka mpaka akashika meza, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Akaitazama, akasogea kivulini ili kioo kionekane vizuri.

"Nimetumiwa video yake," akasema. "Wanasema alikwenda mpaka shereheni, akapiga magoti. Mtandao tu ndio unasumbua, inazunguka."

Wanawake wakaacha meza zao wakamzunguka. Fortunata akainua simu juu, akaishusha, akaipangusa na kitenge.

"Haya, inafunguka. Njoo, Mama Tumaini, njoo tumwone sura."

Ikupa akakung'uta mikono, akaenda.