Kiraka Chekundu cha Quirin

Siku ya pili ya Krismasi, watu walipokuwa wakitoka kanisani, Notburga Aigner alibeba beseni la shuka zilizochemshwa, akafunga kamba kutoka ukutani kwake mpaka kwenye mti wa peasi ng'ambo ya njia, akaanza kuanika. Nguo hazikuwa zake. Zilikuwa za nyumba ya bwana misitu Leonhard Stadler, maana tangu afiwe na mumewe, Burga ndiye aliyekuwa dobi wa nusu ya bonde letu.

Kwetu nguo hazianikwi kati ya Krismasi na Sikukuu ya Mamajusi. Siku hizo Msako wa Pori, ule msafara wa wawindaji waliokufa, hupita, na farasi wao wakinaswa kwenye kamba huumia miguu. Msako hutoka mlimani, hupita juu ya bonde kwa kimo cha paa, hushuka kati ya nyumba ya Burga na ghala lake, kisha hupanda upande wa pili. Ulikuwa ukipita hapo kabla kanisa halijajengwa. Ghala lenyewe lilisogezwa mbali kidogo kwa ajili hiyo.

Kreszenz, mke wa bwana misitu, alisimama njiani na kitabu chake cha sala.

"Wewe Burga! Hizo si shuka zangu?"

"Ni zako, Zenzi."

"Na Msako unapita leo! Umerukwa na akili?"

"Unapita leo, ndiyo. Nishikie hicho kibanio."

Kreszenz akamshikia, kwa sababu ukikuta mtu anaanika peke yake unamsaidia.

Sababu ya Burga kuanika siku hiyo kila mtu aliijua. Vuli ya mwaka uliotangulia, Stadler alimpiga risasi Quirin Aigner, mume wa Burga, kule juu ya ukingo wa mlima, kwenye msitu wa baroni, yule kabaila aliyemwajiri Stadler. Kwa hakimu Quirin alikuwa jangili. Kwetu alikuwa mwindaji, na mwindaji hasa. Mbuzi wa milimani alimwangusha kutoka mbali, lakini jogoo wa nyumbani alimwachia mkewe amchinje, maana yeye na jogoo, alisema, wanafahamiana. Stadler akaapa kwamba Quirin aligeuka akamlenga na bunduki, naye akajihami kwa kumpiga kifuani. Hakimu alimshukuru kwa ushujaa wake. Jeneza liliteremshwa limeshapigwa misumari, kwa huruma ya baroni, eti mjane asiumie. Basi Burga akabaki mke wa mtu aliyetaka kumuua Stadler, baba wa watoto watatu. Hakuna aliyemtamkia hivyo usoni, ila kwenye benchi la kanisani watu walianza kuacha nafasi kidogo pembeni yake.

Alitaka kujua jambo moja tu: risasi iliingilia wapi.

Kwetu anayekufa akiwinda huchukuliwa na Msako. Quirin alikuwa ameshaonekana humo msimu uliopita, lakini Msako una kasi, mtu huona kofia tu na mguu. Ilibidi usimamishwe. Na katika bonde letu lote, hakuna kilichowahi kuusimamisha isipokuwa nguo zilizoanikwa.

Jua linazama mapema Desemba. Kufikia saa kumi shuka zilikuwa zimeganda zikakakamaa kama mbao, na watu wamejaa kwenye uzio, kwa sababu kuona ni bure. Stadler mwenyewe alikuwepo na kiko chake mdomoni. Alikuwepo pia askari Moser, aliyeambiwa na mkewe kwamba patakuwa na msongamano.

Maziwa yakaanza kutikisika katika mabakuli tunayouwekea Msako juu ya paa. Kisha mbwa. Jamani, mbwa wale! Weupe, wenye masikio mekundu, wanabweka kwa sauti inayopanda na kushuka mpaka kifua kinafunguka. Mimi nimeuona Msako mara nyingi na bado huvua kofia. Wakafuata wafurushaji, wale wanaotembea kwa miguu na fimbo zao wakitimua wanyama, na nyuma yao farasi, mvuke ukiwatoka puani, wapanda farasi wakiwa na majoho ya kila zama. Wazuri, wazuri kupita kiasi. Wakaingia kwenye shuka za Kreszenz kwa kishindo kimoja.

Farasi wawili walinaswa. Moser akaruka uzio kwenda kufungua miguu yao, kama ilivyo kazi ya askari palipo na ajali njiani. Wafurushaji wakaegemea fimbo zao. Bibi Perchta, mwenye Msako, akashuka kwenye farasi wake, ule mguu wake mmoja mpana wa bata bukini ukazama kwenye theluji.

"Nani ameanika?"

"Mimi, Bibi."

"Unajua leo ni siku gani?"

"Najua, Bibi."

Bibi Perchta akashika pindo la shuka kwa vidole viwili, akalisogeza kwenye pua yake ya chuma. Wanawake wavivu yeye huwapasua matumbo akawajaza majani makavu, kwa hiyo pale uzioni hapakukohoa mtu.

"Umesuuza?"

"Mara tatu, Bibi. Ya mwisho mtoni."

"Hm." Akaliachia pindo. "Unataka nini?"

"Mume wangu. Simchukui. Nimwangalie tu."

"Mwangalie. Farasi wakifunguliwa tunaondoka."

Quirin alikuwa kati ya wafurushaji, na koti lake lile lile la kijivu. Alikuwa amekonda. Burga akamshika mkono, akautazama, akaukunja vidole, akaendelea kuushika.

"Mbona unatembea? Wenzako wamepanda."

"Kila mtu amekuja na alichokuwa nacho, Burga. Waliokuwa na farasi wamekuja na farasi."

"Hata huko?"

"Hata huko."

"Geuka."

"Ah, usianze tena."

"Geuka, nimesema!"

Akageuka. Mbele, koti lilikuwa zima, vifungo vyote mahali pake, jinsi Burga mwenyewe alivyovishona. Nyuma, katikati ya mabega, palikuwa na tundu, na kingo zake zilikuwa zimeungua.

Burga akalia kwa sauti. Alilia kwa hasira na kwa raha, vyote pamoja, akimpiga piga mumewe begani, "Hukugeuka! Hukumlenga mtu! Nilijua, mimi nilijua!" Na Quirin akasema bila shaka hakugeuka, alikuwa akikimbia, nani ageuke naye anakimbia?

"Ni mgongoni," alisema Kreszenz taratibu.

Watu wakamtazama Stadler. Akatoa kiko mdomoni.

"Kulikuwa na ukungu," alisema.

"Ukungu ulikuwepo, kweli," alisema Quirin, ambaye hakupenda mtu asingiziwe.

"Moser!" Burga alimwita askari. "Umeona?"

"Nimeona, mama." Moser alikuwa amepiga magoti na ukwato mapajani. "Lakini kesi ilishafungwa. Na shahidi ni marehemu."

Hapo Quirin akamsogelea mkewe, akapunguza sauti.

"Burga, mke wangu, upepo unaingilia hapo. Kule juu ni baridi, we acha tu. Huna kiraka?"

Burga akafuta uso. Kipande cha kitambaa kile kile cha kijivu alikuwa nacho, kwenye kikapu chake cha kushonea, dirishani pale pale. Kingeliziba lile tundu hata mtu asijue kama limewahi kuwepo.

"Nikiziba, nani ataliona tena?"

"Si umeshaliona wewe?"

"Mimi sitoshi, Quirin."

"Basi acha," alisema. "Nitazoea." Na alikuwa akitetemeka.

"Mshonee, maskini," alisema Stadler kutoka uzioni. "Mtu anasikia baridi."

Ilikuwa mara ya kwanza Stadler kumtakia Quirin mema, na Burga akamtazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na sindano, uzi na mkasi. Kitambaa cha kijivu hakuja nacho. Akaenda moja kwa moja kwenye kamba, ilipokuwa imening'inia foronya kubwa nyekundu ya mfarishi wa Stadler, akakata katikati yake mraba mpana kama sinia.

"Burga! Mfarishi wangu wa harusi!"

"Nimeusuuza mara tatu, Zenzi."

Akashona huku Quirin amesimama katikati ya njia, mbwa wamelala miguuni pake.

"Kikubwa namna hiyo?" alilalamika. "Tundu lenyewe la kidole. Nitaonekana kutoka Munich."

"Uonekane. Simama wima."

Alipokata uzi, Bibi Perchta akaja akapitisha ukucha juu ya mishono, pande zote nne. "Midogo," alisema. Sifa kama hiyo hakuna mwanamke wa bonde letu aliyewahi kupewa, si kabla wala baada. Kisha akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja vizuri, akamkabidhi Burga. Msako ukaondoka. Ule wekundu tuliuona juu ya misonobari, juu ya ukingo wa mlima, mpaka ulipozama upande wa pili.

Jumapili iliyofuata watu walimbana Burga kwenye benchi mpaka akaomba wasogee. Baroni akatuma ujumbe kwamba mambo ya zamani yasichimbwe. Stadler aliendelea kuwa bwana misitu, akapewa saa ya ukutani kwa utumishi wake. Kreszenz hakununua foronya nyingine. Aliirudisha ile ile kitandani na shimo lake katikati. Stadler alilalamika kwamba usiku upepo humpata. Mkewe alimwambia ajifunike vizuri.

Stadler alikufa mzee, kitandani, akazikwa kwa tarumbeta za wawindaji, na baroni alitoa hotuba. Kwa kuwa alifia nyumbani, tulidhani Msako haumhusu. Desemba ile ile tulimwona humo, juu ya farasi mzuri wa kahawia. Alikuwa na farasi, basi alikuja na farasi. Watu walinung'unika sana uzioni, na mimi pia, sifichi.

Burga, ambaye magoti yalishamchosha, alikuwa dirishani na shali yake. Hakunung'unika. Aliangalia jinsi Msako ulivyojipanga: mbwa, halafu wafurushaji, halafu farasi. Farasi wa Stadler aliwekwa wa kwanza kati ya farasi, nyuma tu ya Quirin. Stadler alijaribu kumpita kulia, akajaribu kushoto, lakini katika Msako huwezi kumpita mfurushaji. Bibi Perchta haruhusu. Basi akawa anakwenda hivyo, macho mbele, na mbele hapakuwa na kitu kingine cha kutazama ila kile kiraka chekundu.

"Kinashika?" Burga alipaza sauti.

"Kinashika!" alijibu Quirin, akainua fimbo, wakapanda.

Burga akafunga dirisha, maana baridi ilikuwa inaingia.