Mgonjwa wa Alhamisi

Mume wangu Faraji alikuwa analipwa ili ashikwe kiuno na wasichana. Nasema hivyohivyo, sipambi. Siku nyingine alibeba mabegi ya wageni hotelini. Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alikuja pale chuoni Doha nilikokuwa nafanya usafi, akalala kitandani na kujifanya mgonjwa ili wanafunzi wa fiziotherapia, tiba ya viungo, wajifunzie kwake. Kibarua hicho nilimtafutia mimi mwenyewe. Ama kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe!

Chumba kile kina kioo kikubwa cha kuonea upande mmoja tu. Mwanafunzi mmoja huingia kwa mgonjwa, wenzake wanakaa nyuma ya kioo na mwalimu, wanatazama na kusikiliza kwa spika. Na mimi kila Alhamisi nilikuta uchafu upande huohuo wa kutazamia.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nyanchama, binti wa Kikenya, mwembamba, sauti ya kubembeleza. Akamshika mume wangu kiunoni. Akamgeuza. Akamuuliza kwa Kiingereza maswali ya kwenye karatasi, na Faraji akajibu kama alivyofundishwa: nilianguka, nina wiki mbili, huuma nikikaa. Moyo ulinichemka. Nyumbani Al Wakrah nikimgusa bega tu ananiambia amechoka. Hapa amelegea kama chapati ya moto!

Halafu yule binti akaweka karatasi chini, akasema kwa Kiswahili, "Baba, hapa panakuuma kweli. Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," Faraji akasema. "Miguu inakufa ganzi. Asubuhi mpaka nishike ukuta ndipo nisimame. Hotelini wakijua watanirudisha kwetu."

"Na mama nyumbani anajua?"

"Hajui. Basi la wasafishaji humchukua alfajiri, mimi bado nimelala. Tafadhali, usimwambie mtu."

Ramadhani! Miezi minne! Nilisimama na kitambaa mkononi, na naapa, kabla ya huruma ulikuja wivu. Angekuwa na hawara ningejua pa kuanzia ugomvi. Lakini siri ya mwili wake, ampe mtoto wa watu aliyemjua nusu saa?

Nyuma ya kioo hakuna mwingine aliyeelewa Kiswahili. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia watazame uso ule, huyu anaigiza kuliko wote. Wanafunzi wakaanza kujadiliana. Mmoja akasema mgonjwa wa kuigiza humwondolea woga, maana hata ukikosea hakuna anayeumia. Mwenzake, Bradley, akabisha: wanajidanganya, mgonjwa wa kweli huficha, wa kuigiza husema yote. Nyanchama alipokuja upande wetu akaulizwa maoni yake. Akatazama chini, akasema hajui.

Jioni nilimvaa Faraji mlangoni.

"Baba Shani, mgongo vipi?"

"Mzima."

"Mzima? Yule Mkenya ana nini ambacho mimi sina?"

Akaelewa. Akakaa polepole, mkono ukutani.

"Yeye nikimwambia anaandika," alisema. "Wewe nikikwambia utafunga mabegi turudi kwetu. Nikikwambia wewe, Mama Shani, nitakuwa naumwa kweli."

Nililia kwa hasira, nikamtukana, nikamkanda, nikamtukana tena. Kila nilipobonyeza sikujua ninabonyeza nini. Yule binti alijua.

Jumapili, maana kule wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, chuo kilipofunguliwa nilimlazimisha aombe ruhusa kazini. Nilimshika mkono, mbele ya wenzangu wote wa usafi, nikampeleka hadi kwa Nyanchama kwenye korido. Binti alirudi nyuma. Alidhani nimekuja kugombana, na Mungu anajua nilitamani.

"Huyu ni mume wangu," nikamwambia. "Haigizi. Mshike tena, na safari hii mwalimu wako aambiwe ukweli."

"Na kazi yake, mama?"

"Mshike, nimesema."

Nikauachia mkono wa Faraji, binti akaupokea. Wivu haukuniisha hata chembe.