Saa Tatu Mbele

Kwa miaka miwili baba alinipigia simu kila asubuhi. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta yake kuukuu inayotumia mfumo wa Linux ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila alipoiwasha, tarehe ilirudi mwaka 1970. Baba ni mwalimu mstaafu. Anapima mvua uani na kuandika vipimo kwenye kompyuta hiyo. Mimi ndiye fundi wa ukoo. Kila mara nilimtajia amri ya kurekebisha tarehe herufi kwa herufi, naye alichapa kwa kidole kimoja huku akinipa habari za nyumbani. Betri mpya ilikaa mkobani mwangu mwaka mzima. Sikuipeleka, na najua kwa nini.

Asubuhi moja simu haikulia. Nikapiga mimi.

"Nimepona, mwanangu!" baba alicheka. "Shemeji yako ameweka betri. Dakika kumi tu!"

Shemeji, mume wa mdogo wangu, anauza viatu. Muuza viatu! Chai ilinishinda.

Jumamosi nikaenda, nikaiwasha ile kompyuta nikiomba ikosee. Tarehe ilikuwa sawa, ila saa ilikwenda mbele kwa saa tatu. Shemeji aliiwekea saa ya ndani majira ya hapa, kumbe Linux huichukulia kuwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kisha huongeza tofauti yenyewe. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikazima, nikanyamaza.

Jumatano baba akapiga, sauti chini. "Mvua imenyesha saa nane mchana, nimeisikia. Kompyuta inaandika saa kumi na moja. Mwanangu, akili zinaniruka?"

Niliomba ruhusa kazini, nikafika mbio. Nikaweka saa sahihi, nikaiandika kwenye saa ya ndani, nikawasha upya mara mbili. Ikatulia.

"Si akili zako, baba. Niliona kosa Jumamosi."

"Ukaliacha?"

"Ulikuwa unamsifu mno."

"Siku nne nimekaa nikijiona nimechanganyikiwa," alisema, akatoka kwenda uani.

Shemeji alikuja jioni na mdogo wangu. Nikamwonyesha alipokosea. Hakununa hata kidogo. Alivuta kiti, akaandika amri kwenye kiganja.

"Dada, hii nisingeijua kamwe. Hebu rudia tena, polepole."

"Unaona kijana anavyopenda kujifunza?" baba alisema.

Iliniuma vilevile. Nikarudia, polepole.