Pua, Nywele na Kigugumizi

Elia Sulle alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na kwao Mbulu hakuna aliyekijali. Watu walimngoja tu mpaka neno litoke. Alipokuja Nyandira, huku juu Mgeta, kumsaidia dada yake Anastasia kwenye kabichi, Waluguru nao walimzoea upesi, kwa kuwa alikuwa fundi mwashi mzuri na hakuwa mtu wa maneno mengi. Anastasia alikuwa ameolewa hapo miaka kumi na minne na Fidelis, Mluguru mzaliwa wa kijiji hicho. Ndugu hao wawili walifanana mno: warefu, maji ya kunde, pua zimechongoka, nywele laini. Watu waliwatania kuwa ni Wahabeshi, nao walicheka.

Mwezi wa sita, lori lililobeba vijana wa Kihabeshi lilipinduka kwenye barabara kuu. Wawili walikufa, wengine wakakimbilia mashambani. Kizuizi kikawekwa karibu na njia panda ya kuingilia mjini, na askari wakaambiwa wafungue macho.

Siku ya tatu Elia akashuka na mzigo wa kabichi kwenye Fuso, lori la dereva Oscar. Saa nne asubuhi Oscar akampigia Anastasia simu.

"Mama Kristina, wamemshusha Elia."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Wamemtazama tu. Nimewaambia huyu ni shemeji wa watu wa Nyandira, wakasema nikiendelea watanishtaki kwa kusafirisha wahamiaji haramu. Nisamehe. Nimeondoka."

Anastasia akapekua sanduku la Elia, akapata cheti chake cha ubatizo na karatasi yenye namba ya kitambulisho cha taifa, maana kitambulisho chenyewe kilikuwa hakijatoka. Akapanda bodaboda na nguo zake za shambani.

Kituoni alimkuta Elia ameketi sakafuni, pekupeku, pamoja na vijana sita wa Kihabeshi waliokuwa wakisinzia wamelaliana. Akamsalimu kwa Kiiraqw, bila hata kufikiri, kama walivyosalimiana maisha yao yote. Elia akajibu kwa Kiiraqw.

Mkaguzi wa polisi aliyekuwa kaunta akainua kichwa. "Umesikia?" akamwambia askari wa kike aliyekuwa akiandika pembeni. "Wanaelewana."

"Ni Kiiraqw, afande," Anastasia akasema. "Sisi ni Wambulu. Ndiyo lugha yetu."

"Mimi sikijui. Joyce, wewe unakijua?"

Joyce akatikisa kichwa bila kuinua macho.

"Basi nani atatuambia kama hiki ni Kimbulu au Kihabeshi?" mkaguzi akauliza, kwa upole kabisa. "Na wewe mama, kitambulisho chako kiko wapi?"

Kilikuwa nyumbani, kabatini. Alikuwa amekuja kumtetea mdogo wake, haikumpitia akilini kwamba naye atahitaji kutetewa. Akaulizwa jina la babu yake na babu huyo alizaliwa wapi. Akaulizwa makao makuu ya mkoa wa Manyara. Alipojibu Babati, mkaguzi akasema hayo hata wenzao wanafundishwa njiani. Namba ya Elia ikaangaliwa, akaambiwa mtandao hausomi. Kisha Anastasia akaonyeshwa benchi.

Joyce ndiye aliyemsogezea maji. "Walimwambia aimbe wimbo wa taifa," akasema kwa sauti ya chini. "Kauimba wote, hakukwama hata mahali pamoja. Ndiyo imemponza."

"Imemponza vipi?"

"Wamesema mtu anayeshindwa kutaja jina lake mwenyewe, halafu anaimba namna ile, huyo kakaririshwa."

"Wenye kigugumizi wote huimba hivyo, mwanangu. Yeye ni mwanakwaya tangu mdogo. Kigugumizi kinamwachia akiimba."

"Nakuamini, mama. Lakini mimi si wa kuamua."

Fidelis alifika saa kumi jioni, mabuti yakiwa na udongo mwekundu. Akasalimu, akajitambulisha: yeye ni Fidelis wa Nyandira, huyu ni mke wake, na yule ni shemeji yake. Mkaguzi akamuuliza mvua za huko juu zikoje, na kama paroko mpya wameshampokea. Wakacheka kidogo.

"Ungekuja mapema, mzee, tusingesumbuana na mama hapa," mkaguzi akasema, akamsogezea daftari atie sahihi.

Anastasia akaruhusiwa kuondoka. Elia, wakasema, atabaki mpaka barua ije kutoka kijijini kwao.

Nje, wakitembea, Anastasia akasema, "Hawakukuuliza kitambulisho."

"Hawakuniuliza."

"Unacho?"

"Sina. Sikukichukua."

"Mimi nimejieleza tangu saa saba, baba Kristina."

Fidelis akamshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Barua ya Mbulu ilikuja siku ya tisa, imepigwa picha na kutumwa kwa simu, na siku hiyo Elia akaachiwa. Hakuna aliyemwambia pole. Alirudi na kikohozi, na maneno yaliyokuwa yakichelewa sasa hayakutoka kabisa. Alikuwa akifumba macho, mishipa ya shingo ikimsimama, kisha akiacha na kuonyesha kwa kidole. Halmashauri ya kigango cha kanisa iliyokuwa imempa kazi ya kujenga vyoo ikamtafuta fundi mwingine. Katibu wake alikuja mwenyewe kueleza.

"Si kwamba tunaamini hayo," akasema. "Lakini askari wakifika huku, watatuuliza sisi."

Sokoni mtu akamwita Mhabeshi, na safari hii hakuna aliyecheka. Elia akaandika kwenye karatasi kwamba anarudi kwa mama.

Akasafiri kwa njia ya Dodoma. Barua alikuwa nayo mfukoni, na cheti, na namba. Basi lilipofika Gairo, askari wakamshusha tena. Abiria aliyeketi naye ndiye aliyepiga simu, akasema askari ameitazama barua na kuuliza kwa nini mtu asiye na kosa atembee na barua mpya namna hii.

Anastasia akaanza kufunga kanga.

"Baki," Fidelis akamwambia. "Ukija nitakuwa na watu wawili wa kuwatoa."

Akabaki.

Fidelis alirudi baada ya siku mbili, peke yake. Alikuwa amezungumza nao kama dakika kumi, wakamwachia Elia. Lakini Elia alikataa kupanda basi lolote. Alifunga mfuko wake wa mwiko na pimamaji mgongoni, akaiacha lami, akashika njia ya mashambani kuelekea kaskazini. Fidelis alimsindikiza hadi nyumba za mwisho, akimsihi, mpaka Elia alipomsukuma kifuani taratibu ili arudi. Siku ya kumi na tisa mama yao alipiga simu kutoka Mbulu: amefika, miguu imevimba. Tangu hapo hatoki nje ya boma, na simu hapokei. Anastasia akipiga, husikia tu mama akisema, "Yupo hapa, anakusikiliza."

Januari matokeo ya darasa la saba yalikuwa yameshatoka, na binti yao Kristina alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana mjini, wa kwanza kutoka shule yao kwa miaka mingi. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, na sura ilikuwa ya mama yake mtupu.

"Nitampeleka mwenyewe na kumrudisha mwenyewe," Fidelis akasema.

"Na siku ambayo hutakuwepo?"

Anastasia akamwandikisha shule ya kata, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, isiyo na mwalimu wa fizikia wala wa kemia. Kristina hakumsemesha mama yake wiki nzima. Anastasia hakumlaumu, wala hakubadili neno.