Kidole cha Mama Mkwe

...la, si katikati ya ncha, pembeni kidogo, pembeni hapaumi sana, nesi alituonyesha hivyo, na kidole cha mama mkwe wangu kimo mkononi mwangu, kikavu, kinanukia sabuni, nakiminya taratibu damu ishuke, huko chini teksi zinapiga honi kwenye roboti, taa za barabarani, mtaa wote wa Berea umeshaamka na yeye hajanywa hata chai, ananisubiri, siku hizi ananisubiri mimi, huyu huyu aliyemwambia mwanawe François kwenye simu, nami nimekaa hapo hapo nasikia, "Wasichana wa Lubumbashi wanajua kupaka rangi kucha tu," ni kweli nilikuwa nimepaka, hata leo nimepaka, mimi msusi, mikono ndiyo tangazo langu... alikuja kututembelea tu, kliniki ikamkuta na sukari... nabonyeza kisindano, tik, hashtuki, tone linachomoza, naligusisha kwenye kijiti cha kupimia, mashine inawaza, na François anaongea bafuni, maji yanameza nusu ya maneno yake, "...ajichome mwenyewe, Hélène, Jumamosi anarudi Bukavu, kule nani atampima," sawa, wiki nzima namfundisha, na kila siku ni lile lile, "Siwezi, binti yangu, mkono unatetemeka," mkono huu, juzi tu umepitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani ukanishonea pindo la gauni, na sasa nimeushika, umetulia tuli, mbona hautetemeki... ah, hawezi kwa sababu akiweza ataondoka, na mimi nilidhani naingoja Jumamosi, godoro litoke sebuleni, nipike sombe, majani yangu ya muhogo, bila mtu kufunua sufuria yangu, kumbe ni hizi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupiga simu, yeye na hadithi zake za marehemu mumewe aliyeogopa kuku, tunacheka mpaka François anauliza kuna nini, na namba ikishuka tunashangilia wote wawili, furaha yake imekuwa yangu...

"Inasema nini?"

"Sita nukta nane, mama. Nzuri kabisa."

Anatabasamu, haondoi kidole, nami sikiachii, pamba imeshafyonza damu yote na bado naikandamiza, mlango wa bafu unafunguka, François, taulo begani, "Ameshajua?" na mama ananitazama, macho yake yananiachia mimi nijibu...

"Bado," nasema, "Jumamosi ni mapema mno."